Mtama Ulioota Kwenye Kompyuta

Shule niliachia darasa la tatu, lakini mtama naujua. Mjukuu wangu wa kike anasoma kompyuta chuoni Dodoma. Likizo hii alikuja kwangu Kibakwe amenuna. Mwalimu wake alimrudishia kazi, na akikosea tena anarudia mwaka. Alitakiwa aifanye kompyuta ibuni urefu wa mashina elfu ya mtama, yafanane na ya shamba la kweli.

Akanionyesha mchoro wa idadi ya mashina hayo, kuanzia mafupi hadi marefu. Juu ulikuwa bapa kama paa la tembe.

“Shamba la wapi hili? Mafupi mengi sawa na marefu, sawa na ya kati? Huo mtama wa wachawi!”

“Bibi, kompyuta inabahatisha tu, haipendelei.”

“Inabahatisha mara moja tu kwa kila shina? Mtama unabahatishwa na mvua, samadi, viwavi, mbuzi wa jirani. Ni nadra vyote vikubali pamoja au vikatae pamoja. Ndiyo maana mengi yanakuwa ya kati.”

Akanikodolea macho. Kisha akaandika upya: kwa kila shina, kompyuta ibahatishe mara kumi na mbili, halafu ijumlishe. Akabonyeza.

Mlima ukainuka kwenye mchoro. Katikati umejaa, kingoni umeteremka taratibu. Mashine isiyojua jembe imeotesha shamba langu!

“Bibi, mwaka sirudii!” akapiga kelele, machozi yanamtoka.

Nikamwambia abonyeze tena. Zikaja namba nyingine kabisa, na mlima uleule.