Mafuta Kati ya Fedha na Shaba

Mama alikuwa na sheria moja isiyovunjika: hutoki mlangoni umepauka. Ukishanawa unapaka mafuta ya nazi, viganjani, viwikoni, hadi visiginoni. Nimeiacha Tanga, nimezeekea Lewisham, London, nikihudumia wazee wa watu, na kikopo cha mafuta hakijatoka mkobani mwangu.

Alipofariki aliniachia bangili ya fedha. Binti yangu alipochumbiwa nilitamani aolewe akiwa amevaa kitu cha bibi yake, ila bangili ilikuwa imepasuka, na mtoto mwenyewe havai bangili. Ndipo nikajiandikisha darasa la usonara la Jumamosi ili nimtengenezee pete, kwa mwalimu mmoja Mjapani, mama mpole wa makamo. Alitufundisha ufundi wa kwao uitwao mokume-gane: vibati vya fedha na shaba hupangwa kwa zamu, hubanwa na kuchomwa tanurini mpaka vishikane bila lehemu, kisha donge hilo hufuliwa na kuchongwa hadi mistari ijitokeze kama ya ubao wa mninga.

Tuliiyeyusha bangili, tukaifanya vibati. Fedha ya mama ilikuwa hiyo tu. Ikiharibika, basi, hakuna nyingine duniani.

"Mikono iwe safi kabisa," mwalimu alionya kabla ya kupanga. Nikanawa kwa sabuni, nikasugua mpaka kucha. Kisha, mawazo yakiwa kwenye harusi, nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Nikajipaka mafuta, nikapanga vibati vyangu kwa madaha.

Jumamosi iliyofuata, donge likiwa limeshachomwa, nilianza kufua, na donge likafunguka upande mmoja, tabaka moja moja. Mwalimu aliligeuza, akanusa vidole vyangu, akauliza, "Nazi?" Nilitamani ardhi inimeze. Mimi, mpika chapati, ninayepaka mafuta kwenye unga makusudi ili tabaka ziachane, sikufikiri kwamba madini nayo yana tabia hiyo! Nililia pale pale mbele ya darasa.

Hakunisema. Alichukua msumeno mdogo, akakata upande ulioachana, akaugonga uliobaki na kuusikiliza. "Hapa imeshika," alisema. "Itatoka pete nyembamba." Akawa anabaki nami wenzangu wakishaondoka, akiniongoza mkono wa nyundo huku chai yake ikipoa mezani. Hakuwa na deni lolote kwangu, na mpaka leo namwombea dua.

Pete ilitoka nyembamba kweli, fedha na shaba zikipishana kwa mawimbi, nzuri kuliko nilivyostahili. Asubuhi ya harusi binti yangu aliijaribu. Ikakwama kwenye kifundo cha kidole. Nikakaa kitandani.

"Pole mwanangu, niliharibu mwenyewe. Fedha haikutosha."

"Mum, relax," akasema. "Where's your mafuta?"

Nikampa kikopo. Nilidhani atapaka kidole tu. Akapaka mkono mzima, kisha wa pili, taratibu, hadi viwikoni, kama alivyokuwa akipakwa na bibi yake tulipokwenda Tanga akiwa mdogo. Sikujua kama anakumbuka. Pete ikateleza, ikakaa mahali pake.

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, nikaishika mikono yake na kuinusa. Ilinukia mama.