Matanga Hayajavunjwa

"Dada Scovia, mzazi akifutwa, watoto wake wanaenda wapi?"

Nilikuwa darasa la nne, nimesimama nyuma ya kiti chake katika ofisi ya shule yetu hapa Nyakuron, ambako mama yangu anafundisha. Scovia alirudi Juba kutoka Uganda, na ndiye aliyetengeneza programu inayotunza majina ya wanafunzi. Hakugeuka. "Ya bitt, wewe msichana, mimi iko na moto hapa. Nenda kunywa maji."

Moto wenyewe aliuwasha karani, Bwana Fulgensio. Mama Helen, mlezi wa wanafunzi kadhaa, alikuwa amefariki, na simu yake bado ilipokea ujumbe wa shule, basi Fulgensio akamfuta. Sasa, kwenye programu mlezi huitwa mzazi, na wanafunzi walio chini yake huitwa watoto. Mzazi alipotoka, watoto wote aliowalea wakatoka naye! Mmoja wao, Lako, alikuwa darasa la nane, na usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa jioni ileile.

Scovia alikuwa na nakala ya jana. Akajaribu kumrudisha Lako. Kompyuta ikakataa: mzazi hayupo.

"Basi mrudishe marehemu!" Fulgensio akalia.

"Bwana Fulgensio, mimi ni Yesu?"

Hata Lako, aliyekuwa mlangoni macho mekundu, akacheka. Scovia akamgeukia. "Siku ya kuvunja matanga, wazee walisema nani achukue nyinyi?"

"Mjomba Lodu. Wa Rejaf."

"Khalas, yamekwisha!"

Akamwandika Mjomba Lodu kwanza, kisha watoto chini yake, akawafunga wote mzigo mmoja: wakiingia, waingie pamoja, mmoja akikwama, asiingie yeyote, tuanze upya. Akabonyeza. Wakaingia! Bwana Fulgensio akapiga kigelegele kama shangazi wa bibi harusi, na jina la Lako likatumwa kabla jua halijazama.

Kumbe hiyo ilikuwa nusu tu ya ushindi. Kesho yake Scovia akabadilisha programu. Siku hizi ukitaka kumfuta mlezi mwenye watoto, inagoma. Wala haitoi tena yale maandishi mekundu ya Kiingereza yaliyokuwa yakimtoa Fulgensio jasho. Inaandika hivi: "Matanga hayajavunjwa. Watoto wanakwenda kwa nani?" Ukijibu, inawahamisha kwanza. Shule nyingine zikasikia, zikaja kuiomba. Lako alifaulu, sasa yuko chuo kikuu, na Mjomba Lodu bado hutuletea samaki.

Mimi niko kidato cha tatu, na Scovia ananifundisha kuandika programu. Juzi niliandika kanuni ileile kwa mkono wangu, nikamfuta mlezi wa majaribio, ikanigomea. Niliruka! Halafu nikamkumbusha lile swali langu la zamani.

"Hawaendi mahali," alisema. "Mama yangu alifia kambini, huko Uganda. Watu wa matanga hawakutawanyika mpaka shangazi alisimama, akasema, huyu ni wangu. Kompyuta nayo ingoje shangazi."