Mama Asiye na Bangili

Siku yangu ya kwanza karakanani, kule Lituhi ufukweni mwa ziwa, Fundi Mkuu hakunipa patasi wala nyundo. Alinipa donge la nta ya nyuki, akasema, "Chonga samaki." Ndivyo kazi yetu ilivyokuwa, vijana: sanamu huchongwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo wa kichuguu, kisha huchomwa mpaka nta itoke yote, na mahali pake humiminwa shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Gamba hilo la udongo ndilo kalibu.

"Kalibu ikiwa na unyevu, shaba itakurudia usoni," Fundi Mkuu alituonya. Nilicheka. Ufukweni jua lilikausha kila kitu, hata samaki tuliowasahau.

Baadaye nilihamishiwa Mbinga kupamba mlango wa kanisa: mama wa Kimatengo amebeba kikapu cha kahawa, bangili tele mkononi. Shaba haikutosha, Baba Paroko akawaomba akina mama. Walivua bangili walizorithi kwa bibi zao. Ya Bibi Anjela iligoma kutoka, akaipaka sabuni.

Ilikuwa Juni, ukungu hautoki milimani. Mimi nikakausha kalibu kwa mazoea yangu ya ziwani. Nilipomimina, wote wakitazama, kalibu ilipasuka, shaba ikarukia matopeni. Hakuumia mtu. Afadhali ningeumia mimi. Tuliokota tulichoweza, nikamimina upya, shaba ikaishia kwenye kiwiko. Mama akabaki bila mkono, bila bangili hata moja, wakamtundika hivyo hivyo.

Nilipostaafu waliniandalia sherehe. Paroko wa sasa, kijana mgeni, alisifu mbele ya watu: "Mama huyu ametoa vyote, hata mkono wake! Ubunifu ulioje!" Wageni wakapiga makofi. Wenyeji waliangalia chini, nami nilitamani ardhi inimeze.

Nikamfuata Bibi Anjela. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe, bangili yangu iko wapi pale?"

"Sijui, mama. Imechanganyika humo humo."

"Basi nitamsalimia hapo alipoishia."

Ndivyo afanyavyo kila Jumapili: hukishika kile kiwiko kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa pole mfiwa, ndipo aingie. Mimi niliyeutengeneza mlango ule hupitia wa pembeni.