Mihuri Miwili Mahali Pamoja

Miaka ile mamluki wakiamua nani asafiri na nani abaki gatini, ofisi yetu ya vibali vya safari za baina ya visiwa, mjini Moroni, ilipewa kompyuta. Mkubwa wetu akaifunika kwa kitambaa cha mezani cha mkewe, kisha akaniambia mimi, niliyerudi juzi na shahada, niifundishe kupiga mhuri.

Picha ya kompyuta ile ni nukta tu, nyeusi na nyeupe. Ukichora juu ya kilichopo, lazima uamue nukta mpya na ya zamani zipatane vipi. Unaweza kufunika: mpya ikaifuta ya zamani. Unaweza kujumlisha: mojawapo ikiwa nyeusi, au zote mbili, inabaki nyeusi. Mimi nilichagua njia ya tatu: nyeusi ikiwa moja tu ni nyeusi, zikiwa nyeusi zote mbili, inatoka nyeupe. Hivyo ukichora mara ya pili palepale, mchoro wa kwanza unafutika, na mkubwa aliweza kuusogeza mhuri huku na huku bila kuharibu maandishi. Aliusogeza asubuhi nzima. Ndiyo kazi pekee niliyomwona akiifanya kwa bidii.

Kisha mshauri wake, mamluki asiyevua bastola hata akinywa chai, akaamuru kila kibali kipigwe mihuri miwili: mkubwa abonyeze, kisha yeye, mhuri uleule mahali palepale. Nikamwambia mkubwa kwamba wakikubaliana wawili, mhuri utatoweka.

"Huko Ulaya ulifundishwa moja na moja ni sifuri?"

"Kwa mashine hii, ndiyo."

"Basi mwanangu, mashine hii haikupita chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani. Mihuri miwili ina nguvu kuliko mmoja."

Makarani wakacheka, kama walivyocheka kila aliposema.

Kurekebisha kulihitaji kubadili neno moja katika programu. Sikulibadili. Nilitaka waumbuke. Na mimi, ninayehoji kila kitu, sikuuliza karatasi ya kwanza ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya mama yangu mdogo wa Mutsamudu, kisiwa kingine, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari mgeni wa macho alikuwa Moroni kwa wiki moja tu. Mkubwa alibonyeza, akaondoka kwenda kuswali. Mshauri akabonyeza huku akitazama dirishani. Karani akaikunja karatasi iliyochapwa na mashine bila kuiangalia, ikaingia mfuko wa barua. Gatini Mutsamudu, askari alipaona mahali pa mhuri peupe, akamrudisha nyumbani.

Habari iliponifikia, daktari alikuwa ameshaondoka. Nikaenda Mutsamudu. Mama mdogo alinitambua kwa kunipapasa uso. Mkono wake ukiwa bado shavuni kwangu, nikamweleza yote: nukta, mihuri, upumbavu wa wale wawili. Nilieleza vizuri, nadhani.

"Hao hawakujua," akasema. "Na wewe?"

"Nilijua, mama."

Akauondoa mkono.