Iko Safi?

Nakumbuka Alhamisi moja kule Logiri, mwanangu, nilipoulizwa swali la maneno mawili nikalijibu kwa uongo, ng'ombe akiwa amelala mbele yangu anakoroma. Nimeishi na siku hiyo miaka mingi. Leo nakupa wewe, kwa sababu Jumatatu unaanza kazi katika supamaketi ya Koboko, na najua watakuweka kwenye kuchambua masalio ya mboga, maana ndiko wageni huanzia. Usinune. Mimi nilinuna, na utasikia nilivyolipwa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mfanyakazi wa supamaketi moja ya Arua. Mwenye duka alikuwa Haji Taban, mtoto wa mwanajeshi wa Koboko, mtu aliyetaka kila kitu kipangwe kama gwaride. Zamani taka zetu zote zilimwagwa bondeni nyuma ya duka, na mvua ikinyesha kavera zetu, ile mifuko ya plastiki, zilielea mpaka milangoni mwa watu. Haji akaona aibu. Akaamuru maboksi wapewe akina mama wa sokoni, plastiki zifungwe zirudi Kampala na lori lililoleta bidhaa, na kabichi na sukuma zilizonyauka ziende kwa wafugaji. Lakini kabla gunia halijafungwa, ilikuwa lazima majani yamwagwe kwenye mkeka na kupapaswa kwa mikono mitupu, ili kuondoa nailoni na utepe wa bluu tuliofungia mafungu. Kisha mfugaji anauliza, "Iko safi?" Aliyefunga gunia anaweka mkono juu yake na kujibu, "Safi." Hakukuwa na karatasi wala saini, ni neno lake tu.

Mfugaji wangu mimi alikuwa Mama Drani, mjane wa Logiri, aliyekuja kila Alhamisi na boda kuchukua magunia mawili.

Sasa sikia ujinga wa ujana. Siku hizo nilikuwa kipa wa timu ya mtaa, na mazoezi yalikuwa karibu kila jioni. Nikaona kupapasa majani ni kazi ya watu wasio na pa kwenda. Alhamisi moja nikajaza magunia bila kumwaga kitu mkekani, nikaweka mkono juu, nikasema, "Safi, mama." Hakuna kilichotokea. Wiki iliyofuata nikarudia, na nyingine, mpaka nikasahau kwamba ni kosa. Kosa lisipokuumbua mapema, mwanangu, usidhani limekusamehe.

Halafu ikaja Alhamisi ambayo Mama Drani hakutokea. Haji akanituma nimpelekee magunia yake kwa pikipiki ya duka. Nilipofika Logiri nikakuta watu uani. Ng'ombe wake mwekundu, mwenye baka jeupe pajini, alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma. Kijana wake Drani alikuwa amemshika kichwa. Ng'ombe huyo ndiye aliyetengwa kwa mahari ya Drani, na wakwe walikuwa waje Jumamosi kutoka Lobule kumtazama.

Daktari wa mifugo alikuwa amepiga magoti. "Hii tumbo imefunga," akasema. "Ilikula nini?"

"Nyasi, na majani ya supamaketi tu." Mama Drani akanigeukia. Hakuwa na shaka nami hata kidogo, alitaka nimtoe daktari wasiwasi. "Adriko, ile majani iko safi?"

Nilimwona Haji akinifukuza, nikawaona wenzangu wakinicheka uwanjani. Ningeweza kusema pale pale. Nikasema, "Iko safi, mama."

Daktari akamnywesha ng'ombe mafuta, tukasubiri. Akamchoma sindano nene ubavuni, hewa kidogo ikatoka, tumbo likabaki vile vile. Ng'ombe akaanza kutoa ulimi. "Kama iko na kitu ndani, mimi napasua sasa hivi," daktari akasema. "Lakini kupasua ng'ombe ya mahari bure, mimi nakataa. Wakwe hawapokei yenye kovu." Akanitazama mimi, si Mama Drani. Nikatazama chini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha ya mwenzangu.

Muda ukapita, sijui mwingi kiasi gani. Ndama mmoja akalia kwa njaa. Mama Drani akainuka kwa uchovu, akaenda kwenye magunia niliyoleta, akainama kufungua kamba amtupie ndama majani. Na magunia hayo nayo, mwanangu, sikuyapapasa.

"Usifungue, mama!"

Sikujua nimepiga kelele mpaka nilipoona kila mtu amenigeukia. Nikalinyakua gunia, nikalimwaga chini. Nailoni iling'aa juani katikati ya kabichi, na tepe za bluu. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Daktari akashika kisu. Alivuta tumboni mwa yule ng'ombe bonge la nailoni, na lingine, na tepe za bluu ambazo Arua nzima ni duka letu tu lililozitumia. Lakini alikuwa amechelewa. Ng'ombe akafa mbele yetu, kichwa kikiwa mapajani mwa Drani.

Nilingoja matusi. Mama Drani akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaniambia taratibu, "Mutu anaweza sahau kazi, mimi pia nasahau. Lakini leo nauliza wewe, ng'ombe iko hai, daktari iko hapa, kisu iko hapa. Uliogopa nani, Adriko?"

Nikachutama, nikaanza kuokota zile tepe za bluu moja moja.

Baba yangu aliposikia hakunipiga. Alimfungua mtamba aliyekuwa akimlea kwa mahari yangu mimi, akanipa kamba mkononi. Jumamosi nikasimama mbele ya wageni wa Lobule nikaeleza kwa nini wanapewa huyu badala ya yule mwekundu. Mjomba wa bibi harusi akanisikiliza mpaka mwisho. "Ng'ombe tumepokea," akasema. "Na huyu kijana tumejua." Watu wengine walicheka. Drani akaoa. Msichana niliyempenda mimi hakuweza kungoja miaka minne mpaka nipate ng'ombe mwingine, na sitakudanganya, iliniuma, na kuna siku bado inaniuma. Haji hakunifukuza. Alinirudisha mkekani, nikapapasa majani mpaka nikaacha kuona haya.

Basi, mwanangu, shika hili. Takataka ikitoka dukani haijaisha, imehamia kwa mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu asiye na ng'ombe wa pili. Mwaga kila gunia mkekani, hata kama gari la nyumbani linakupigia honi. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema wakati daktari bado ana kisu mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ukisema mapema kuna ambayo hayajamwagika bado.

Mungu akutangulie Koboko, akupe mikono isiyo na haraka na ulimi usioogopa watu. Na siku mama fulani wa Lobule, hapo jirani na Koboko, atakapokuja na magunia yake akakuuliza, "Iko safi?", umjibu ukiwa na uchafu wa kabichi kwenye kucha.