Mzizi wa Shangazi Kabula

Nilipokuwa mtoto kule Kishapu, nilikuwa na kazi moja ya heshima, kumchimbia shangazi yangu dawa. Shangazi Kabula alitokwa na damu ya mwezi isiyokoma, wiki tatu mfululizo, mpaka akawa anatembea kwa kushika ukuta. Bibi aliujua mzizi wa kuizuia. Ila mzizi ule una masharti: uchimbwe na msichana ambaye hajavunja ungo, naye asisalimie mtu njiani, la sivyo unakuwa maji matupu. Nyumbani msichana huyo nilikuwa mimi, wa darasa la sita.

Kumbe nilikuwa nimeshavunja ungo miezi miwili nyuma, na sikumwambia mtu. Dada yangu Milembe aliposema kwamba amevunja ungo, pamba ya msimu ule haikuwahi hata kuchumwa, ng'ombe wa mahari wakaingia zizini na shule ikaishia hapo. Kwa hiyo mimi nilifua vitambaa vyangu lamboni alfajiri, nikafunga mdomo.

Nikachimba. Bibi akachemsha. Shangazi akanywa, akakunja uso kwa ule uchungu, na damu ikaendelea.

"Ulisalimia mtu njiani?" bibi akaniuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi kachimbe mwingine."

Nilichimba mara nne. Kila nilipoinua jembe niliamini namuua shangazi, na bado niliwaogopa wale ng'ombe zaidi. Naona aibu kuliandika hilo hata leo.

Siku aliyozimia, baba akampakia kwenye mkokoteni, akampeleka hospitali. Walikuta uvimbe. Shangazi alipona, lakini kizazi kiliondolewa, naye hakuwa amejaliwa mtoto. Nilipoachwa naye peke yetu wodini, nikapiga magoti, nikamweleza yote.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona lamboni."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakunywa, shangazi?"

"Ningekataa, wangeuliza sababu."

Sasa mimi ni mwalimu huko Kharumwa, mtu mzima mwenye mgongo unaouma. Nimeshaelezwa na daktari kwamba uvimbe ule usingejali mzizi umechimbwa na nani, na ninamwamini. Shangazi hakuwa na daktari wa kumwambia hivyo. Yeye aliiamini ile dawa kwa moyo wote, na bakuli zote nne alizinywa akijua zimekufa nguvu, ili mimi nirudi darasani. Nimechoka kutafuta namna ya kumshukuru. Kila likizo nampelekea sukari na kitenge, naye huniuliza tu kama wanafunzi wangu wa kike wote wamerudi shule.