Siku Kumi na Mbili Bila Vidonge

Mume wangu hanyoi mtu kwa mbele. Ukikaa kwenye kiti chake anakugeuza utazame kioo, yeye anasimama nyuma yako, na hukohuko nyuma anakunyoa kichwa, anakuchonga ndevu na kukupunguza masharubu, akikuangalia kupitia kioo. Wateja wapya hudhani ni madaha ya kazi. Wale wa zamani wanamwita Kioo, na wanajua kwamba ukipiga chafya mle ndani utanyanyuliwa na povu lako shavuni ukamalizie kukauka nje. Mlangoni amebandika karatasi: Ukiwa na kikohozi njoo wiki ijayo, nywele hazikimbii.

Madaha hayana nafasi kwake. Kioo anaishi kwa figo ambayo si yake. Zake mbili zilikufa akiwa na miaka thelathini na minane, na aliyempa hii ni dada yake mkubwa, wifi yangu. Wala hakuombwa. Alikuja nyumbani siku moja na bahasha ya vipimo alivyokwisha kuvifanya kimyakimya, akaitupa mezani, akasema, "Damu zetu zimelingana. Sasa acheni kulia, mnaniumiza kichwa." Ndivyo alivyo. Akikupa kitu hutaki kumwangalia usoni, maana atakugombeza kwa kumshukuru.

Ubaya wa figo ya kupewa ni kwamba mwili hauna shukrani. Unajua huyu ni mgeni na unataka kumtimua. Kwa hiyo Kioo humeza vidonge vya kulaza kinga ya mwili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku iendayo kwa Mungu. Kinga ikilala, figo inaachwa ifanye kazi yake. Lakini hapohapo mafua ambayo wewe yanakupitia kwa siku tatu, yeye yanaweza kumlaza wodini wiki tatu.

Ulipoingia ule ugonjwa wa mapafu, sote tukachanjwa sindano mbili. Wifi alipata homa siku mbili. Mimi mkono ulivimba nikashindwa kuandika ubaoni. Kioo hakusikia hata kuwashwa, na wiki nzima hatukupumua kwa majigambo yake.

"Nyie mnalialia nini? Mimi imepita kama maji!"

Kweli ilipita kama maji. Kliniki ya figo walikuwa wakiwapima damu wagonjwa wao waliopandikizwa ili waone chanjo imewashikaje, na ya Kioo haikuonyesha kitu. Muuguzi, mama mmoja mwenye subira ya kupitiliza, alituambia tusiangalie maumivu ya mkono, maana wapo wasioumia na chanjo ikawashika vizuri. Shida ilikuwa vidonge. Chanjo ni mwalimu, alisema, anaingia darasani kufundisha kinga adui anafananaje, sasa kwako wewe wanafunzi wamelala. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Sindano ya tatu ikaleta chembe tu ya kinga. Muuguzi alijaribu kuchangamka. "Chembe si sifuri," alisema, lakini alisema akiwa ameshageukia faili jingine.

Basi kinga yake tukawa sisi. Na katika sisi, mimi ndiye wa hatari kuliko wote. Nina watoto thelathini na wanne wenye pua zinazotiririka kuanzia Januari hadi Desemba. Mtoto akinipenda ananipangusia kamasi kwenye sketi. Nikirudi nyumbani napitia mlango wa nyuma, navua nguo zote kwenye beseni, naoga, ndipo namsalimia mume wangu, na barakoa juu. Siku ambayo darasani kuna mwenye homa, na hiyo ni karibu kila wiki, yeye analala chumba cha mbele na mimi chumbani kwetu. Anakula kibarazani, sahani juu ya stuli. Mimi nakula mezani karibu na mlango, tunaongea kwa kupaza sauti kama majirani wanaoulizana bei ya mkaa. Madirisha wazi, mvua au baridi. Miaka mitatu hiyo.

Nimechoka, na sioni haya kulisema. Woga tuliuzoea mapema. Kilichotumaliza ni kupiga hesabu ya kila kitu kidogo: nani amekuja, amekaa wapi, amekohoa au amesafisha koo, nimkatalie kikombe cha chai au nimwache. Rafiki zangu waliacha kuja, na sikuwalaumu. Nani anapenda kufika kwa watu akaanza kuhojiwa kuhusu makamasi? Wifi peke yake ndiye hakuacha. Alikuja kila Jumamosi, akavuta kiti chake mwenyewe hadi kibarazani, akavaa barakoa bila kuambiwa, akamtania mdogo wake kwamba figo yake imeolewa kwenye nyumba yenye baridi.

Sindano ya nne ilipokaribia, Kioo akaanza kuwa mkimya. Nikadhani ni uchovu. Kumbe alikuwa akifikiri, na mwanamume huyu akifikiri peke yake ni bora umfiche mkasi. Alichukua maneno ya muuguzi akayageuza apendavyo. Kama vidonge ndivyo vinavyowalaza wanafunzi, basi usivimeze kwa siku chache. Waamke, wafundishwe, halafu walale tena. Hata mimi nikiyaandika hapa naona yana mantiki. Ndiyo maana yalikuwa mabaya.

Akaanza siku tano kabla ya sindano. Kwa kuwa mimi ndiye ninayepanga vidonge kwenye kijisanduku cha vyumba kumi na vinne, viwili kwa kila siku, kila asubuhi na jioni alivitoa vile vya kulaza kinga, akanionyesha chumba kitupu, kisha akaenda navyo dukani na kuvitia kwenye kopo la poda lililokwisha.

Nililishika siku ya tatu. Nilimpelekea chakula cha mchana, yuko nje anakung'uta vitambaa, nikataka poda kidogo ya shingoni kwa sababu ya joto. Kopo likalia chakacha. Nikafungua. Nilivijua mara moja, vya rangi mbili, navipanga kila Jumapili kwa vidole vyangu hivi. Nikasimama pale. Nilisikia akicheka huko nje na fundi wa baiskeli wa jirani, kicheko cha mtu mwepesi, ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi.

Nikafunga kopo, nikalirudisha mahali pake. Nikaweka chakula, nikaenda zangu.

Usiniulize nilifikiri nini, kwa sababu nilifikiri upesi sana na sikutaka kujisikia. Nilifikiri, labda itashika. Nilifikiri, siku chache tu. Nilimwona akilini amekaa mezani nami. Nilimwona kitandani upande wake. Siku ya sindano nilimsindikiza kliniki, muuguzi akamuuliza kama anameza dawa sawasawa, akajibu ndiyo, nami nikasoma bango la ukutani la kunawa mikono kana kwamba nitafanyiwa mtihani. Jioni ile mkono wake ukavimba, akapata homa kidogo. Alifurahi kama mtu aliyepata barua ya kazi. Baada ya siku saba nyingine akarudia vidonge. Jumla, kumi na mbili.

Mwezi ulipokwisha tukaenda kuchukua majibu. Daktari wa figo ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Safari hii chanjo imeshika," alisema. "Kipimo kimepanda vizuri."

Kioo akanigeukia, macho yamejaa. Akanikamata mkono mbele ya daktari, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya ndoa yetu.

Daktari hakutabasamu. Alitoa karatasi ya pili. "Na hiki cha figo nacho kimepanda. Hiki hatukitaki kipande. Ulikosa dawa?"

"Hapana."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nakuuliza tena."

Kioo akaniangalia mimi, sijui akitafuta nini, nami nikaangalia sakafu. Akasema. Alisema yote, hadi kopo la poda.

Daktari akasema, bila kupandisha sauti, "Mwili wako uliamka, ukajifunza chanjo. Lakini ulipoamka ukaiona na figo." Alisema wapo madaktari wanaolijaribu jambo hilo, kwa wagonjwa wachache waliowachagua, tena wakiwapima damu kila baada ya siku chache. "Ungeniuliza ningekwambia kama wewe unafaa au hufai. Wewe ukajitibu kwenye duka la kunyolea."

Alilazwa siku hiyohiyo. Walimchoma sindano ndefu chini ya tumbo, pale ilipopandikizwa, kuchukua kipande cha figo, wakamtundikia dripu ya dawa kali siku tatu mfululizo. Alitoka siku ya tano, uso umeumuka kama unga uliotiwa hamira. Figo ilitulia, lakini iliyobaki ni ya kufanya kazi kwa nusu na kidogo. Ile nusu nyingine haitarudi. Miaka tuliyokuwa tukiitegemea imekatwa, na mingapi, hakuna anayetuambia. Kuhusu barakoa, daktari alituambia tusiitupe. Kipimo kizuri hakimfanyi mtu kama yeye kuwa wa chuma, na dawa alizotundikiwa zimeilaza tena kinga yake. Kwa hiyo tulirudi nyumbani kwenye stuli yetu, na madirisha yetu wazi, na beseni langu.

Wifi tulimwambia ni vipimo vya kawaida. Jumamosi akaja, akavuta kiti, akamtazama mdogo wake ule uso.

"Vipimo gani vinavyomnenepesha mtu mashavu?"

Kioo hakuzunguka. Alimwambia kwa sauti ya chini, akiangalia vidole vyake vya miguu. Wifi alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea atamfokea, kwani kumfokea ndiyo lugha yao. Hakufoka.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilichoka, dada. Nilitaka nikae na watu kama mtu."

"Mimi nawe tulikuwa tumekaa hapa. Mimi si mtu?"

Wifi akanigeukia.

"Na wewe wifi, vidonge si unapanga wewe? Hukuona?"

Ningeweza kusema hapana. Kioo mwenyewe hakujua kwamba niliona, alikuwa akibeba lawama zote peke yake tangu kliniki, na mimi nilimwacha abebe.

"Niliona," nilisema. "Siku ya tatu."

Kioo akainua kichwa. Sijawahi kutazamwa vile. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umepotea kabisa.

"Ukanyamaza," wifi alisema.

"Nikanyamaza. Nilitaka mume wangu arudi chumbani."

Hapo nililia, barakoa ikalowa, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Wifi alikaa muda mrefu ameshika ubavu wake wa kushoto, pale palipokatwa, kama anayesikia baridi.

"Nilikuwa nazo mbili," alisema mwishowe. "Nimebaki na moja na watoto bado wadogo. Ile nyingine nilidhani nimemkabidhi mtu na mkewe. Sina nyingine, wifi. Sina."

Akasimama, akarudisha kiti ndani, akaniuliza saa za vidonge kana kwamba hazijui. Nikamwambia. Akaziandika kwenye simu yake na kuondoka.

Tangu siku hiyo Jumamosi haji. Anapiga simu. Saa mbili kamili asubuhi na saa mbili kamili usiku, mwezi wa tano sasa, hajakosa hata mara moja. Kioo akipokea anaulizwa neno moja, "Umemeza?" Anajibu, "Nimemeza, dada." Kisha anasikia, "Nipe wifi."

Nami nachukua simu, mwalimu mzima, mwanamke niliyelala na huyu mtu miaka kumi na tisa, naulizwa, "Amemeza?" Najibu kwamba nimemwona kwa macho yangu. Ananisikiliza ninavyopumua, kama anayepima. Halafu anakata. Zamani kabla ya kukata alikuwa akiniuliza kama nami nimekula.